Wa Kuongezwa

Bibi alifika siku ya Jumanne saa nne asubuhi, na wajukuu wawili na begi moja. Kufikia saa sita majirani walikuwa wameshakubaliana kwamba begi lile ni kubwa mno kwa watu waliokuja kusalimia.

Aliyewapokea alikuwa mwanawe, Fundi, ambaye cherehani yake ilikaa barazani ili wateja wasipate sababu ya kuingia ndani na kuona vitanda. Fundi alilitazama begi, akawatazama watoto, akamuuliza mama yake habari za safari. Zilikuwa nzuri. Akauliza habari za nyumbani. Nazo zilikuwa nzuri, ukiacha kwamba binti wa mwisho wa Bibi, yaani mdogo wake Fundi, alikuwa amezikwa mwezi mmoja na siku tisa zilizopita, na watoto hawa walikuwa wake. Baba yao hayupo, na hakuna aliyewahi kumtafuta kwa bidii.

"Nimewaleta wabadilishe hewa," Bibi alisema.

Fundi hakuuliza hewa itabadilishwa kwa siku ngapi. Ni mtu mpole, na sehemu kubwa ya upole wake ni kukwepa maswali ambayo majibu yake yana kazi ndani yake. Alilibeba begi, akalisukumia chini ya kitanda chake na mkewe, kisha akarudi kwenye suruali aliyokuwa akiipunguza kiuno.

Msichana alikuwa na miaka saba. Mdogo wake alikuwa na mitatu, wakimwita Kadogo, na neno alilolijua vizuri kuliko yote lilikuwa "Dada." Alilisema akiamka, alilisema akilala, alilisema hata akiwa hana shida yoyote. Kabla jua halijatua nyumba nzima ilikuwa inamwita yule msichana Dada, Bibi akiwemo.


Wakati begi linashushwa, mke wa Fundi alikuwa juu ya ngazi, ameninginiza shingoni kifuko chenye vifaranga wawili wa mbayuwayu, akiwatia kwenye kiota kisichokuwa chao.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, huu ukiwa msimu wa tatu, na ndiyo iliyofanya mtaa mzima umwite Mama Ndege. Kituo chenyewe kilikuwa maghala manne ya zamani ya mbegu. Juu mabati, chini ya mabati boriti, na kwenye boriti viota vya udongo vya mbayuwayu, kila kimoja na namba yake ya chaki. Mwenye utafiti alikuwa mama mmoja mchache wa maneno, aliyesomea ndege mpaka akapewa udaktari, basi akawa anaitwa Daktari. Kwa sababu hiyo haikupita wiki bila mtu kufika getini na maumivu ya mgongo.

Daktari alitaka kujua jambo moja: ndege akilea sana, manyoya yake yanakuwaje. Kwa hiyo viota viligawanywa mafungu. Kulikuwa na viota vya kupunguzwa, ambavyo vifaranga wawili walitolewa wakiwa na siku tatu. Kulikuwa na viota vya kuachwa, ambavyo havikuguswa. Na kulikuwa na viota vya kuongezwa, ambavyo ndivyo vilivyopokea wale wawili waliotolewa kwingine. Kisha Mama Ndege alikaa chini kwenye kigoda na kuhesabu wazazi wanaleta chakula mara ngapi kwa saa. Kulea kukiisha, aliwakamata wazazi kwa wavu mwembamba, akawatia kwenye vifuko vya kitambaa vilivyoshonwa na mumewe, akawakagua bawa na mkia, unyoya kwa unyoya. Safu ya kujaza kwenye fomu iliitwa Uchakavu. Sifuri ni unyoya mpya. Nne ni unyoya ambao hata ndege mwenyewe, kama angekuwa na mwingine, asingetoka nao.

Aliipenda kazi hii kuliko alivyowahi kukiri mbele ya watu. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na katika misimu mitatu hakuna ndege aliyemfia kiganjani. Siku ile aliwaweka wale wawili kwenye kiota namba kumi na nne, akashuka, akakaa. Jike lilirudi baada ya dakika sita, mdomo umejaa wadudu, likatua ukingoni. Asubuhi liliacha midomo mitatu. Sasa ilifunguka mitano. Likalisha uliokuwa karibu, likaondoka kutafuta zaidi.

Mama Ndege akabonyeza kidude chake cha kuhesabia. Moja.

Saa kumi na moja jioni alipofika nyumbani, alikuta mlangoni jozi mbili za viatu vidogo asivyovijua, zimepangwa vizuri kuliko viatu vya watoto wake mwenyewe. Alisimama pale kidogo kabla ya kubisha hodi kwenye nyumba yake.


Watoto wake walikuwa watatu, na walikuwa na mazoea ya kumuuliza habari za viota wakati wa kula, kama wengine wanavyoulizana matokeo ya mpira. Jioni ile waliuliza kama kawaida. Akasema ameongeza wawili namba kumi na nne. Mtoto wa katikati, mwenye miaka tisa na mdomo usio na breki, akawatazama wageni wawili waliobanana kwenye kona ya mkeka.

"Kumbe na hawa ni wa kuongezwa," alisema.

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anaweka mambo mahali pake. Bibi akataka kujua maana yake nini, naye akamweleza vizuri sana, mafungu yote matatu, hata siku ya kuhamisha hakuisahau.

"Na mama wa kiota, hawafukuzi?" Bibi aliuliza.

"Hafukuzi, bibi. Analisha tu. Halafu manyoya yanamharibika."

Bibi alimtazama mkwe wake kuanzia kilemba mpaka pindo la gauni. Pindo lilikuwa limefumuka tangu mwezi uliopita, katika nyumba yenye fundi cherehani. Fundi akasema kwamba maji ya kunywa yamekwisha, akaenda kuyafuata yeye mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Tangu siku hiyo mambo yalipangwa upya bila mtu yeyote kuyapanga. Kitanda cha watoto kikawa cha watoto watano, wamelazwa mzungu wa nne, na kila asubuhi kulikuwa na kesi ya nani kampiga nani teke la shavu. Bibi alichukua kochi. Vikombe vilikuwa sita, kwa hiyo chai ikawa inanywewa kwa zamu, na Dada alikuwa akisema hasikii kiu mpaka wengine wamalize. Jirani mmoja alikuja kuazima kitunguu, akakaa saa nzima, akamwambia Mama Ndege kwamba Mungu atamlipa. Alisema hivyo mara tatu na akaondoka na vitunguu viwili.

Lile neno nalo halikubaki mkekani. Lilihamia kwenye foleni ya kuoga, ambako wa kuongezwa waliambiwa wawe mwisho, kisha likatoka nje ya nyumba. Siku moja Mama Ndege alipita dukani kununua sabuni, na muuza duka akamwambia sabuni imeshachukuliwa asubuhi na wa kuongezwa wake. Aliuliza nani kamfundisha maneno hayo. Muuza duka akajibu kwamba ni mtoto mwenyewe: alimuuliza wewe wa nani, naye akajibu kwa adabu kabisa, mikono nyuma, "Mimi ni wa kuongezwa kwa Mama Ndege."

Mama Ndege aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Neno lilikuwa la kazini, tena zuri, alilolitamka kwa fahari kila jioni, na sasa mtoto wa marehemu wifi yake alikuwa anatembea nalo mtaani kama jina la ukoo. Alifika nyumbani akawakusanya watoto wake watatu na kuwaambia hataki kulisikia tena.

"Haya, tuwaiteje?" aliuliza binti yake mkubwa.

Alifungua mdomo ajibu. "Ndugu zenu" ndilo neno lililomjia, lakini mtu ukilitamka hilo umeshaamua, na yeye alikuwa hajaamua. Akawaambia wakachote maji.


Alhamisi ya wiki ya pili alitoka kazini mapema, akamkuta mumewe barazani akishona vifuko vipya vya kituo. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akampa unyoya mmoja na lenzi aliyokuja nayo mkobani. Fundi hawezi kupewa kitu akitazame asikitafutie kasoro.

"Hapa uzi ulikatika," alisema. "Na hapa tena. Na hapa. Nani kafuma hivi?"

Kulikuwa na mistari myembamba iliyopauka, imekata unyoya upande hadi upande. Mama Ndege akamweleza kwamba kila mstari ni siku ambayo ndege hakula vya kutosha wakati unyoya unaota. Ama alikosa, ama alipata akapeleka kiotani.

"Huyu alikuwa wa kuongezwa?"

"Ndiyo. Mwaka jana."

"Mwaka huu karudi?"

"Hajarudi."

Fundi aliurudisha unyoya ameushika kwa vidole viwili. Akasema kitambaa chenye mistari ya namna ile hata ukikishona vizuri namna gani kitachanika palepale, na mteja atasema fundi ndiye mbaya. Kisha, kwa sauti ileile, akamwambia kwamba kaka yake ameitisha kikao cha familia Jumapili. Alikuwa ametumwa amwambie tangu Jumatatu.

Huyo kaka yake Fundi alikuwa karani mstaafu, na ukoo wote ulimwita Ajenda, maana hata ukimsalimu anakuuliza kwanza mmepanga kuzungumzia nini. Pendekezo lake lilikuwa limeshaiva. Dada aende kwake Ajenda, ambako mkewe amebaki peke yake na nyumba kubwa, amchangamshe. Kila aliyeijua ile nyumba alijua kuchangamsha kule kunafanywa kwa ufagio. Kadogo apelekwe kwa binamu yao mmoja asiyejaliwa mtoto, safari ya siku nzima kwa basi, maana bado ni mdogo na atasahau upesi. Hivyo mzigo utakuwa umegawanywa na Fundi atabaki na watoto wake watatu.

"Wewe umesemaje?" Mama Ndege aliuliza.

"Nimesema sawa. Si nimekufikiria wewe?"

"Na mimi nimesemaje?"

Fundi akakanyaga cherehani.

Mama Ndege aliogopa, na ni vizuri isemwe wazi aliogopa nini. Nywele zake za mbele zilikuwa zimeanza kupungua tangu mtoto wa tatu. Alikuwa amepoteza magego mawili. Akipanda ngazi siku hizi alipumzika kipago cha tano, na cha tano hakikuwa mbali. Kwa misimu mitatu alikuwa amewashika mkononi majike waliolea kupita kiasi, akawaandika namba, na hakuna mtu mtaani kwao aliyejua vizuri kuliko yeye kinachowapata. Wakibaki wale wawili, anayejua Kadogo anaumwa usiku ni yeye. Akisema hawezi, atakuwa mwanamke aliyefukuza mayatima, na Bibi hatahitaji hata kulisema. Atalala tu kwenye kochi na kuvuta pumzi.

Na wakienda, wanaenda kila mmoja kwake. Hilo ndilo lililomnyima raha. Wale watoto walikuwa wamebakiwa na kitu kimoja tu duniani, kila mmoja mwenzake, na Jumapili saa nane mchana wangegawanywa kama nyama.


Ijumaa Daktari alimwita ofisini. Ofisi ilikuwa kona ya ghala la kwanza iliyozungushiwa mbao. Alikuwa ametandaza fomu za wiki nzima mezani, na kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye mstari mmoja.

"Namba ishirini na mbili ni fungu gani?"

"Cha kuachwa."

"Kina vifaranga wangapi?"

"Watatu."

"Umeandika watano. Jumatano watano, jana watano, leo watano."

Mama Ndege akainama kutazama. Mwandiko ulikuwa wake, tena mzuri, hata haukutetereka. Alijaribu kukumbuka akiwa juu ya ngazi ile, na alikumbuka vizuri sana vifaranga watatu. Kisha akaelewa ile tano imetoka wapi.

"Hao ni wa kwangu," alisema.

Daktari alingoja sentensi iendelee. Haikuendelea. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Wa kwako ni watatu. Uliniambia mwenyewe."

"Walikuwa watatu."

Daktari alikuwa na mengi ya kusema, lakini kwa kuwa si mtu wa maneno aliyapunguza. Alisema katika misimu mitatu hajawahi kukuta kosa kwenye fomu zake, na hili atalichukulia kuwa la kwanza na la mwisho. Alisema viota vyote arobaini vihesabiwe upya leo hii. Alisema mtu akichoka aseme, maana fomu haijui kama mwandishi amechoka. Mwanafunzi mmoja wa mazoezi aliyekuwa akipanga vifuko pembeni alisikia yote, na Mama Ndege aliyekuwa amemfundisha kazi wiki iliyopita tu alilazimika kumpita mlangoni akiwa ameinamisha kichwa.

Alipanda ngazi mara arobaini. Ndipo, kwenye ghala la tatu, akiwa ameshika boriti na vumbi la kinyesi cha ndege linamwingia puani, alipoikubali ile tano. Yeye mwenyewe alidhani bado anafikiria. Mkono ulikuwa umeamua tangu Jumatano na haukumwambia. Hakufurahi. Alihisi kama mtu aliyekuta saini yake kwenye karatasi ambayo hajaisoma. Kosa lilikuwa lake, mwandiko wake, na watoto nao, kwa namna ambayo hakuna kikao kilichoiidhinisha, walikuwa wake.


Jumamosi asubuhi alimkuta Dada mlangoni amepiga magoti mbele ya mdogo wake. Kadogo alikuwa amekaa kizingitini na viatu vyake mapajani. Dada alikuwa anamvua, anamwambia avae mwenyewe, anamvua tena.

"Mbona hamwendi kucheza?" Mama Ndege aliuliza.

"Namfundisha viatu, mkazamjomba." Hivyo ndivyo alivyomwita, mke wa mjomba wake, kwa heshima kamili, kama alivyofundishwa na mama yake. "Wa kulia ameshajua. Wa kushoto bado."

"Atajifunza taratibu. Haraka ya nini?"

"Bibi anasema ni kesho."

Hakuwa analia. Alisema kama mtu anayetaja siku ya soko. Kisha akauliza kama kule anakoenda Kadogo kuna mtu anayejua kwamba akikohoa sana anataka kugeuzwa, siyo kupewa maji. Mama Ndege akasema hajui. Dada akasema basi, atamfundisha na hilo aseme mwenyewe, akarudi kwenye kiatu cha kushoto.

Mama Ndege alikwenda jikoni, akafunika uso kwa kanga, akalia kwa muda ambao sufuria huchukua kuchemka. Kisha akaosha uso, akaendelea kupika.


Ajenda alifungua kikao saa nane na dakika kumi, baada ya kula na kuchukua nyongeza. Alikuwa na daftari lenye jalada gumu na kalamu mbili, moja ya akiba. Waliohudhuria ni Bibi kwenye kochi, Fundi kwenye kiti, na Ajenda mwenyewe mezani. Mama Ndege alikuwa anakusanya vyombo, na Ajenda alimwandika kama mhudhuriaji baada ya kufikiri kidogo. Watoto walikuwa nje.

Ajenda ya kwanza ilikuwa watoto wa marehemu. Ya pili ilikuwa mengineyo. Alisoma pendekezo lake mwanzo hadi mwisho, pamoja na saa ya kuondoka basi. Bibi alilia kidogo, kimya, akasema yeye ni mtu mzima, watakaloamua wenye nguvu ndilo. Fundi alisema sawa, halafu akakohoa, halafu akasema sawa tena kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza.

Kilichobaki ni kupiga muhuri. Ajenda, ambaye alipenda uamuzi wake uwe na ushahidi wa kitaalamu, akamgeukia shemeji yake aliyekuwa amesimama na sahani mikononi.

"Shemeji, wewe mambo ya vifaranga ndiyo kazi yako. Hebu tusaidie ili niandike. Ndege anaweza kuongezewa wangapi?"

"Wawili."

Ajenda hakuwa ametegemea jibu hilo. "Akawalea?"

"Anawalea. Karibu wote wanaruka."

"Bila madhara?"

"Madhara yapo. Manyoya mapya yanaota mafupi, yana mistari. Msimu unaofuata, katika majike kumi wanarudi wanne. Walioachwa wanarudi saba."

"Ehee," Ajenda alisema, akaanza kuandika kwa faraja. "Kwa hiyo hata ndege wenyewe wanakataa."

"Hawakatai, shemeji. Hawaulizwi." Mama Ndege akaziweka sahani chini. "Tunangoja mama ametoka, tunapanda, tunaweka, tunashuka. Akirudi anakuta midomo imeongezeka. Analisha. Mwaka wa tatu huu nafanya kazi hiyo, na sijaona ndege hata mmoja aliyeulizwa. Na mimi sijaulizwa. Begi nimelikuta chini ya kitanda changu. Kikao kimeitwa, nimepika. Mmewaongeza bila kuniuliza, leo mnawapunguza bila kuniuliza, halafu mnanisimamisha hapa niseme habari za mbayuwayu."

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza. Ajenda aliitazama kalamu yake, kisha akauliza, kwa upole wa karani, kama hilo shemeji haoni lingefaa kwenye mengineyo.

"Na dume je?" Bibi aliuliza ghafla kutoka kochini. Alikuwa ameacha kulia. "Baba wa kiota. Manyoya yake yanakuwaje?"

"Mazuri," Mama Ndege alisema.

Hakuna aliyemtazama Fundi, na walifanya kazi kubwa kutomtazama. Fundi alikuwa ameviinamia viganja vyake, vyenye matundu madogo ya sindano. Alikaa hivyo mpaka Ajenda akaanza kufunua ukurasa. Ndipo alipoinua kichwa na kumtazama mkewe, na ilionekana wazi kwamba anaogopa jibu, liwe lipi.

"Nakuuliza," alisema. "Nilipaswa kukuuliza siku ile ile. Watoto wakae, au waende?"

Mama Ndege alikuwa amelipigania swali hili kwa wiki mbili, na sasa lilipofika alivuta kiti akakaa.

"Wakae," alisema. "Wote wawili. Dada haendi kushika ufagio wa mtu, na yule mdogo haendi kusahau. Lakini nitachakaa. Mimi nayajua haya, nayapima. Nitachakaa, na sitaki mje mseme hamkujua. Shemeji, andika."

"Niandike hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Ajenda aliandika. Alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa na haraka. Alipomaliza akasoma kwa sauti, kama taratibu zinavyotaka, kwamba imeazimiwa watoto wa marehemu wabaki wote wawili kwa mjomba wao, na kwamba Mama Ndege atachakaa. Akauliza kama kuna mwenye marekebisho.

Bibi alitikisa kichwa. Nje Kadogo alikuwa anaita kama kawaida yake, na Dada alikuwa anaitika.

"Lipo," Fundi alisema. "Hapo kwenye atachakaa. Andika tutachakaa."

Ajenda akamtazama mdogo wake juu ya miwani. Kisha akaikata ile "a" kwa mstari mmoja, akaandika "tu" juu yake, na kwa kuwa masahihisho hayakubaliki bila mhusika, akamsogezea daftari na kalamu ya akiba atie saini pembeni. Fundi akatia saini.

Mama Ndege alisubiri mpaka wino ukauke.

"Uchakavu hupimwa mwisho wa msimu," alisema, akainuka, akaenda nje kuwaambia watoto.